Uliza Fundi: Kabla ya kugombana kwa sababu ya balbu

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja: tokeni zinaisha mbio, mfereji umekauka, gesi haifiki mwisho wa mwezi. Nimechagua saba. Baadhi nimezipunguza, maana nyinyi wasomaji wangu mkianza kueleza jambo la friji huanzia harusi ya shangazi. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa stima na mabomba, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Kazi nilifundishwa na baba nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa magoti hayaniruhusu kupanda paa. Kuandika bado yananiruhusu.

Fundi, shikamoo. Tunakaa Pipeline, Embakasi, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tokeni za shilingi 500 zinatupa yuniti 17 na kitu, na siku ya tano mita inaanza kulia. Mume wangu kila akiingia huzima balbu ya sebuleni na kunisema kwamba mimi nimezoea maisha ya taa. Tuna friji ndogo, TV, pasi na shawa ya stima. Kuna jirani anatuibia? – Mama Mapacha

Marahaba, Mama Mapacha. Jirani mwizi nimemkuta mara mbili tu katika umri wangu wote wa kazi. Mara zote nyingine mwizi alikuwa ndani ya nyumba, na aghalabu alikuwa bafuni.

Lakini usiniamini mimi, iamini mita. Mita yako ina kitaa chekundu kinachomweka. Karibu nacho pameandikwa nambari, mara nyingi 1000 au 1600, kisha imp/kWh. Maana yake ni kwamba kikimweka mara hizo, yuniti moja imekwenda. Sasa fanya hivi Jumamosi asubuhi. Mmoja wenu abaki juu ndani ya nyumba, mwingine ashuke penye kabati la mita, simu sikioni. Zimeni kila kitu, chomoeni hata friji. Kitaa kikitulia, hakuna mwizi, na mnaweza kuendelea kumsalimia jirani. Kikiendelea kumweka, zimeni swichi kubwa ya nyumba. Kikiacha hapo, kuna waya ndani ya nyumba yenu unaopeleka stima pasipojulikana. Kisipoacha, waya umetegwa kati ya mita na swichi, na hapo msiguse kitu, iteni fundi mwenye leseni.

Mkishamaliza habari ya mwizi, washeni kifaa kimoja kimoja na kuhesabu kitaa kinamweka mara ngapi kwa dakika moja. Kwa mita ya 1000, zidisha hesabu yako kwa 60, unapata wati. (Ya 1600 unazidisha kwa 37.5, kazi ya simu hiyo.) Birika la stima la wati 2,000 litamwesha kitaa mara 33 hivi. Shawa ya wati 5,500 ni mara 92. Hutaweza hata kuhesabu vizuri, kitaa kinapepesa kama jicho lililoingia pilipili. Kisha mwambie mume wako awashe ile balbu yake ya sebuleni, peke yake, na asimame pale asubiri. Kama ni balbu ya LED ya wati 9, atasimama karibu dakika saba kabla ya kuona mmweko mmoja. Mimi ningemletea kiti.

Fanya hesabu nyingine hii. Dakika kumi chini ya shawa hiyo zinakula yuniti 0.92. Stima hiyohiyo ingeiwasha balbu yenu saa tano kila jioni kwa siku ishirini. Hujaniambia nani anaoga muda gani, lakini nimeishi na watu na nitakisia: watoto wanaogeshwa kwa karai, wewe unaoga dakika sita, na huyo bwana wa kuzima taa anaimba robo saa nzima. Hapo tayari ni yuniti 1.9 kwa siku. Ongeza friji ndogo, karibu yuniti moja, na pasi na TV, unafika palepale mlipo, yuniti tatu na nusu kwa siku. Balbu haimo katika ugomvi huu.

Si lazima muoge maji baridi, hasa Julai hii yetu ya Nairobi. Shawa nyingi za aina hiyo zina swichi ya ngazi tatu. Ya kati hula karibu nusu ya ile ya juu. Punguza mbio za maji kidogo na yatapata joto la kutosha. Au rudini kwenye ndoo: maji ya birika mbili yaliyotokota, lita tatu na ushei, ukichanganya na lita tisa za baridi unapata ndoo ya joto la mwili, na umetumia yuniti 0.3 tu. Mkiokoa yuniti moja na kidogo kwa siku mtashuka chini ya yuniti 100 kwa mwezi, na hilo lina faida yake ya pili, ambayo naieleza kwa msomaji anayefuata.

Tuko nyumba sita kwenye ploti moja Kawangware na mita ni moja. Tunagawana bili sawasawa. Mimi nina balbu mbili na redio. Jirani ana koili ya kuchemshia maji na anauza mayai ya kuchemsha. Haki iko wapi? – Mpangaji Mnyonge

Haki haipo, Mnyonge, na unajua. Koili nyingi zina wati 1,000 hadi 2,000; anayechemsha mayai jioni nzima anakula peke yake kuliko nyinyi watano. Dawa ya kudumu ni kila nyumba kuwa na mita yake ndogo, zinauzwa Luthuli na si ghali mkichanga, ila zifungwe na fundi anayejua kazi na mwenye nyumba awe amekubali. Kwa sasa kaeni kikao. Mwenye taa na redio alipe sehemu moja, mwenye friji mbili, mwenye kifaa cha joto tatu. Nimeona ploti moja Kariobangi ikiishi kwa amani kwa mpango huo miaka mingi.

Na kuna jambo ambalo wengi hamjaliona. Bei ya yuniti kwa nyumba haiko sawa kwa wote. Kuna daraja la wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, ndilo la bei ya chini. Kisha hadi 100. Kisha zaidi ya 100, la juu. Daraja lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Mkiwa sita kwenye mita moja, hata kama kila mmoja wenu ni maskini wa yuniti 25, mita inawaona ni tajiri mmoja wa 150 na mnalipa bei ya tajiri. Wengine hunihakikishia kwamba tokeni za tarehe mosi ni nyingi kuliko za tarehe ishirini. Hayo yalikuwa ya zamani. Kinachofanya shilingi zilezile 500 zilete yuniti tofauti mwezi huu na mwezi ujao ni gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme na ya fedha za kigeni, ambazo hubadilishwa kila mwezi, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16.

Mwambie muuza mayai pia asitie koili kwenye ndoo ya chuma, na asipime joto kwa kidole kabla ya kuchomoa. Nimehudhuria mazishi ya aliyefanya hivyo.

Mwalimu wetu alisema chaja ikiachwa ukutani bila simu inakula stima. Baba anasema ni uongo. – Mwanafunzi, Umoja

Mwalimu amesema kweli lakini baba hajapoteza kitu: ni kidogo mno, hata kitaa cha mita hakikioni. Angalia dekoda ya TV. Ile nyingi hula wati 10 hivi hata ikiwa imezimwa kwa rimoti, usiku na mchana, sawa na yuniti saba kwa mwezi. Izime ukutani. Na umpe baba pole.

Fundi, mwezi uliopita ulisema tuzime friji usiku tuokoe stima. Mimi nauza maziwa Ngara. Nimezima siku tatu, nimemwaga lita kumi na moja. Nani atanilipa? – Aliyekusikiliza

Ndugu yangu, nimekosa, na nimekosa mbele ya watu kwa hiyo naomba radhi mbele ya watu. Nilikuwa nikifikiria friji la nyumba lenye nyanya mbili na chupa ya maji, sikufikiria biashara. Na hata kwa nyumba ushauri ule haukuwa na kichwa. Friji likizimwa usiku linapata joto, asubuhi linafanya kazi ya ziada kurudisha baridi, na unachookoa ni kidogo huku maziwa na nyama vimeshakaa saa nyingi kwenye joto la kuzalisha vijidudu.

Ningepaswa kusema hivi. Chukua noti ya shilingi mia, ifunge katikati ya mlango wa friji, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikigoma, rabba ya mlango ni nzima. Ikitoka kama imepakwa mafuta, baridi yako inavuja hapo mchana kutwa na mota haipumziki. Zungusha noti pande zote nne, hasa pembe ya chini upande wa bawaba, ambako rabba huchoka kwanza. Mara nyingi haihitaji kununuliwa mpya: ifute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, toa mabaki ya maziwa na sukari, kisha ilainishe kwa kitambaa kilichochovywa maji moto hadi ijirudi. Sogeza friji liache upana wa kiganja na ukuta, na ukung'ute vumbi kwenye zile nyaya nyeusi za nyuma, likiwa limechomolewa. Barafu ikizidi unene wa kidole, iyeyushe. Usiitoboe kwa kisu. Wateja wangu wawili walitoboa. Walinunua friji mpya.

Ukipita Pumwani uniulizie msikitini. Lita kumi na moja siwezi, lakini chai na mahamri nitakulipa.

Nakaa Donholm, nyumba ya kupanga, watu watatu. Maji huja siku mbili kwa wiki na bado bili imepanda karibu maradufu. Mfereji wa jikoni unadondoka kidogo lakini huo nimeutegea sufuria. Pia nimeona maji yakirudi mita huzunguka kama feni kabla sijaona hata tone. Nalipia hewa? – Mwenye Sufuria

Umeuliza mawili, dada yangu, na la tatu hukuuliza, ndilo lenye pesa zako.

Kuhusu hewa, ndiyo, inawezekana. Maji yakikatika paipu hubaki na hewa, na yakirudi huisukuma mbele yake. Mita za gurudumu hazijui tofauti ya hewa na maji, kinachopita kinazungusha. Kwa hiyo maji yakikatika, funga mifereji yote na ufunge koki iliyo kando ya mita. Kama una tangi la juu, jua kwamba tangi tupu ni mlango wazi kwa hewa hiyo. Yakirudi, usifungue koki yote kwa mkupuo. Ifungue robo, subiri paipu imalize kukohoa, kisha ongeza. Mfereji ulioachwa wazi wakati wa ukame una balaa nyingine pia. Jirani yangu wa juu alisafiri Jumanne akasahau wa bafuni. Maji yakaja usiku wa Alhamisi. Mimi nikaamka viatu vinaelea.

Mfereji unaodondoka, hongera kwa sufuria, lakini badilisha ile rabba ndogo ya ndani, ni kazi ya dakika kumi. Funga koki kwanza. Watu wazima na akili zao hufungua mfereji bila kufunga koki.

Sasa la tatu. Usiku ambao maji yapo, baada ya kila mtu kulala, nenda kwenye mita na kalamu. Andika nambari zote, pamoja na zile nyekundu za mwisho; nyeusi ni mita za ujazo, yaani lita elfu moja moja, na nyekundu ni lita. Asubuhi, kabla ya mtu kugusa mfereji au kwenda chooni, soma tena. Ikiwa ileile, nyumba haivuji.

Mimi, fundi mzima, nilifanya hivyo nyumbani kwangu mwaka jana baada ya mke wangu kunichosha kwa maneno kuhusu bili. Nilitaka kumwonyesha kwamba ni yeye na kufua kwake. Saa nne usiku mita ilisoma 342.118. Saa kumi na mbili asubuhi ilisoma 342.214. Lita 96 zilikuwa zimekwenda na sisi tumelala. Nikapiga magoti, nikakagua kila mfereji, kila kiungo, mikavu. Mke wangu hakusema kitu. Alikwenda kabatini akatoa rangi nyekundu anayotia kwenye keki, akafungua tangi la choo, akadondosha matone machache, akafunga, akanipikia chai. Tulipomaliza vikombe akaniita. Maji ndani ya bakuli la choo yalikuwa ya waridi, na hakuna aliyeflashi. Rabba ya chini ya tangi ilikuwa imechakaa upande mmoja, maji yakipita kimya kimya, uzi mwembamba usioonekana wala kusikika. Lita 12 kwa saa. Kwa siku, ikiwa maji yapo, lita 288, mitungi kumi na minne ya lita ishirini. Huku kwetu mgao ukikolea mtungi mmoja mwenye mkokoteni anauza hata shilingi 50. Rabba yenyewe niliinunua kwa bei ya sahani ya chapati na maharagwe.

Fikiria safari ya maji hayo. Mvua imenyesha Murang'a, imejaa bwawa la Ndakaini lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, imesafishwa Ng'ethu, imesafiri hadi Gigiri, imegawiwa mitaa kwa ratiba hii ya mgao tuliyo nayo tangu 2017, ikafika kwangu Jumatano usiku, ikapita chooni bila hata mtu kujisaidia.

Kwa hiyo tia rangi kwenye tangi lako. Hata unga wa jusi mwekundu unafaa, ila usiuache ukae. Rangi ikishuka yenyewe, ni rabba. Isiposhuka lakini ukasikia maji yakitiririka ndani ya tangi, boya limepanda juu mno na maji yanamwagika kupitia ule mrija wa katikati, lishushe kidogo. Tangi la zamani la lita tisa litie chupa ya lita moja iliyojaa maji na kufungwa; kila ukiflashi umebakisha lita. Matofali usitie, yanamomonyoka na kuziba. Na siku za ukame flashi kwa maji ya kufulia, yamwage kwa ndoo moja kwa nguvu ndani ya bakuli. Suuzo la mwisho lenye povu kidogo linapiga deki kwanza, kisha linakwenda chooni. Yasilale, yakilala yananuka kama soksi.

Bili ikikataa kushuka baada ya yote hayo, piga picha ya mita tarehe ileile kila mwezi, kisha nenda ofisi ya maji na picha zako. Ukiwa na picha mtasemezana vizuri.

Nimehamia South B kutoka Mombasa. Mtungi wa gesi wa kilo sita haufiki wiki tatu. Maharagwe ya Nairobi hayaivi! Kwetu saa moja na nusu, hapa nakesha. Nimepewa maharagwe mabovu? – Mswahili wa Kisauni

Karibu bara, mwanangu. Maharagwe hayana kosa. Umepanda mlima. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanatokota kwenye digrii 94 badala ya 100 za kwenu. Yanatokota mapema kabla ya kupata joto la kutosha, kama kijana anayekasirika haraka. Ukiongeza moto huongezi joto la maji, unaongeza mvuke, na mvuke huo ndio gesi yako inayokwenda dirishani. Yakishatokota punguza moto hadi yabubujike kidogo tu, na mfuniko uwe juu.

Loweka usiku, hilo hata sijadili. Ukiweza nunua sufuria ya presha. Ndani yake maji yanapita digrii 110 na Nairobi inakuwa Mombasa. Ukikosa, fanya kama marehemu mama yangu, ambaye alizeeka bila kujua kwamba alikuwa mtaalamu wa nishati. Alikuwa na kikapu kikubwa cha ukindu, ndani amekitandika vipande vya godoro na blanketi la mtumba la Gikomba, na mto mnene wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa aliyachemsha kwa nguvu nusu saa, mfuniko haufunguliwi, kisha sufuria nzima, ikiwa bado inabubujika, inaingia kikapuni upesi, mto juu, na mtu asiguse. Anakwenda zake kwenye maulidi. Baada ya saa nne anarudi, yameiva, anayarudisha motoni dakika kumi na nazi yake. Wali ukishatokota dakika tano huingia humo pia, dakika arubaini na tano, na hauna ukoko. Hapo ndipo ndugu zangu walipolalamika, maana tulikuwa tukigombea ukoko.

Mawili ya kuzingatia. Nusu saa ya kutokota kwa nguvu usiipunguze, hasa kwa maharagwe mekundu: yakipashwa moto tu bila kutokota yana sumu inayoharibu tumbo. Na sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, kwa sababu sufuria nusu tupu hupoa. Usilaze chakula kikapuni hadi asubuhi.

Kisha tazama moto wenyewe. Ukiwa wa manjano na unatia masizi chini ya sufuria, matundu ya jiko yameziba. Yazibue kwa pini jiko likiwa limepoa, na moto utarudi buluu.

Nimejenga nyumba ndogo ya mabati Githurai, futi ishirini kwa ishirini na sita. Nifunge gata na tangi, au ni kupoteza pesa? Mvua ni miezi michache tu. – Mjenzi

Funga. Hesabu ya mvua ni rahisi kuliko ya stima: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni kama mita sita kwa nane, mita za mraba 48. Mvua ya jioni moja ya masika ya milimita 20, si kubwa hiyo, inakupa lita 960. Toa zinazoruka na kumwagika, bado una zaidi ya 800. Tangi la lita elfu moja linakaribia kujaa kwa jioni moja. Ndiyo, masika na vuli ni miezi michache, lakini ndani ya miezi hiyo hununui mtungi wala husubiri boza, na maji ya mvua yanatoa povu kwa sabuni kidogo kuliko ya kisima.

Gata nenda Kamukunji wakukatie mabati kwa kipimo chako, usinunue vipande vifupi vya kuunganisha. Kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Ziinamie upande wa tangi, upana wa kidole kwa kila hatua mbili unatosha. Dakika za kwanza za mvua yageuze maji yaende nje, kwani yanabeba vumbi, majani na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi uwe na wavu mwembamba, la sivyo utafuga mbu. Mfereji wa tangi uwe juu kidogo ya sakafu yake, matope yakae chini bila kukufikia kikombeni. Ya kunywa chemsha au tia dawa.

Kosa ninaloliona zaidi ni msingi wa tangi. Lita elfu moja ni kilo elfu moja, na watu huliweka tangi juu ya matofali manne yaliyopangwa bila simiti. Mimina jukwaa la zege, liache likauke wiki mbili, na liwe na urefu wa kuingiza ndoo chini ya mfereji. Leta ndoo yako upime kabla ya kumimina. Mteja wangu mmoja wa Kahawa alimimina kwanza, na mpaka leo anachota maji yake kwa sufuria.